Maji ya Moto ya Madame

Najua mtacheka, na wengine mmeshausikia mkasa huu ukisimuliwa vibaya huko Nguba, kwa hiyo acheni niusimulie mwenyewe, mimi niliyeaibika, mwalimu wa fizikia na kiongozi wa shirika letu la sala la mtaa, niliyekutwa juu ya ngazi nyuma ya bafu ambamo mwanamke wa watu alikuwa anaoga.

Ilikuwa wakati wa vita ya pili ya huku kwetu, mishahara ya walimu imeshakuwa hadithi, na nyumba yetu ilikuwa inaishi kwa mgeni mmoja, Madame Hélène, Mbelgiji aliyekuja kuwafundisha wakunga wetu, nasi tukampa chumba na chakula. Alikuwa mtu mwema, sitamsengenya, ila masharti alikuwa nayo (yai lichemke dakika nne, si tano, jogoo ahamie kwa jirani, watu wasiongee chini ya dirisha lake la mbele). Siku alipokuja kuangalia nyumba aliuliza kwa Kiswahili chake cha kujifunza, "Maji ya moto iko?" nami, kwa kuogopa asiende kupanga kwingine, nikajibu upesi, "Iko, madame." Hayakuwepo. Kulikuwa na bomba la dushi lililotokeza nje ya ukuta na kuishia hewani.

Basi kila asubuhi mke wangu, Mama Furaha, alichemsha maji kwenye mbabula, jiko letu la makaa, na mimi napanda ngazi nyuma ya bafu, naweka faneli kwenye bomba na kumimina polepole, pumzi nimeibana. Maji yakipoa madame aligonga bomba (aliamini mashine yetu ni ya zamani, inataka kugongwagongwa), nami naongeza ya moto. Miezi minne ikapita hivyo, na tena nikaanza kujivunia.

Sasa ikafika Alhamisi ya zamu yetu kupokea sala. Saa kumi kasoro robo alasiri madame akarudi kutoka kwa wakunga wa Walungu na tope mpaka kwenye nywele, akasema anaoga sasa hivi. Nikapanda. Huku mbele wanashirika wakaanza kufika, na Mama Furaha, akikumbuka lile sharti la dirisha na akidhani nimeshamaliza, akawapeleka nyuma ya nyumba. Wakakata kona, rozari mkononi, wakanikuta juu, pua yangu karibu na tundu la bomba, na ndani muzungu anaimba.

Kisha Maman Bahati, mwimbishaji wetu, akasema taratibu, kwa huzuni kabisa, "Papa Professeur, kumbe njo kazi yako hii? Kuchungulia muzungu?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikisema ukweli, madame anasikia, anafunga sanduku lake, na sisi tutakula nini? Nikinyamaza, kuanzia kesho watoto wangu ni watoto wa mchunguliaji mbele ya parokia nzima. Nikamtazama mke wangu. Naye alikuwa anatazama viatu vyake. Na hapo hapo madame akagonga bomba, ngo ngo ngo, nami kwa mazoea nikamimina.

"Siko nachungulia mutu," nikasema, kwa sauti iliyofika mpaka ndani. "Miye njo mashini ya maji ya moto."

Wimbo ukakatika. Mlango ukafunguka, madame akatoka amejifunga taulo, povu limejaa kichwani, akaizunguka nyumba, akaangalia faneli, sufuria, mimi, na watu kumi na wawili wenye rozari.

"Kila siku? Wewe?"

"Kila siku, madame. Nilikudanganya. Unisamehe."

Akafikiri. Kisha akajipangusa jicho moja. "Basi ongeza, papa. Sabuni inauma," akasema, akarudi ndani.

Walicheka mpaka majirani wakatoka nje, na Maman Bahati mwenyewe akanishikia ngazi. Sala tulisali, ila kila baada ya Salamu Maria mbili tatu kuna aliyeziba mdomo.

Tangu hapo nimeapa: mgeni akija kwangu nitamwonyesha nyumba yote, hata palipobomoka, ndipo tuongee habari ya chumba. Nilimwahidi madame hivyo jioni ile tukiwa mezani, naye akakubali kubaki, kwa sharti moja tu, kwamba Jumapili mashine ipumzike, yeye ataoga baridi.