Upawa Ampangia Dada Yake Siku

Kama kuna mtu anayeijua foleni kwa sura na kwa tabia, ni yule mpishi wa kantini ya kiwanda cha mablanketi ambaye wafanyakazi walimbandika jina la Upawa. Miaka ishirini na saba alisimama nyuma ya kaunta akipakua, na watu mia tatu wakimjia kwa mstari, kila mmoja na njaa yake na kisirani chake. Aliwajua wanaowahi na wanaochelewa, na wale wajanja wanaojifanya wanamsalimia mtu wa mbele ili wagande hapo hapo. Hao aliwarudisha nyuma bila kupandisha sauti, na meneja naye alirudishwa vilevile. Usicheke, aliyeniambia alikuwepo.

Basi alipostaafu, wafanyakazi wakamchangia zawadi: tiketi mbili za kushinda kutwa kwenye bustani ya michezo, ile yenye gurudumu kubwa la kupanda linaloonekana hadi barabara kuu. Mume wake akajua moja ni yake, akaanza hata kutafuta kofia. Upawa akamwambia taratibu, "Baba watoto, hii ya pili ni ya Dada."

Mume hakubisha. Angeanzia wapi? Mama yao alifariki Upawa akiwa na miaka minne na Dada kumi na minne. Dada aliacha shule, akawalea wadogo zake wanne kwa kufua nguo za watu, na katika kulea huko akajizoesha tabia moja inayoudhi, ya kuachia wengine kila kitu. Iwe kipande cha mwisho cha mkate, kiti cha dirishani au sweta zuri, jibu lake ni lile lile: "Chukua tu, mimi sina haja." Miaka nenda miaka rudi hana haja! Kitu kimoja tu ndicho alichowahi kukitaja kwa mdomo wake, siku walipokuwa wakipita barabara kuu. "Lile gurudumu," alisema, "mtu akiwa juu lazima anaona mbali." Kisha akanyamaza kama aliyeropoka. Upawa alilishika neno hilo, akakaa nalo.

Tatizo lilikuwa nyonga. Dada sasa ana miaka sabini, nyonga ya kushoto imechakaa, na akisimama zaidi ya dakika kumi anaanza kuuma midomo. Na foleni ya gurudumu lile inafika saa nzima. Upawa alijua kitakachotokea kama vile kimeshatokea. Dada atasimama kidogo, ataumia, hatasema. Halafu atasema, "Twende zetu nyumbani, mimi sina haja." Na akishaondoka siku hiyo, hakuna wa kumrudisha tena.

Kwa hiyo Upawa akaketi kwenye meza ya jikoni na daftari. Alimhoji jirani yake, nesi aliyewahi kwenda mara mbili na wanawe, mpaka yule mama akaomba maji ya kunywa. Wageni wakiingia wanakimbilia wapi? Wanachoka saa ngapi? Wanakula saa ngapi? Hilo la mwisho ndilo alilolitaka, maana matumbo ya watu ndiyo fani yake. Asubuhi vijana wanalikimbilia gurudumu, na Dada hakimbii. Lakini saa sita na nusu kila mtu yuko kwenye chakula. Wao wangekula saa nne na nusu, mapema, na saa sita na nusu wangekuta gurudumu halina mtu. Akapiga mstari chini ya saa hiyo, akaenda kulala ameridhika.

Na mambo yakaenda! Walifika kabla geti halijafunguliwa, wakapita moja kwa moja hadi mwisho wa bustani wakati wengine wamekwama pale mwanzoni, na kufika saa tano walishapanda treni ndogo na mashua na kutoka kwenye nyumba ya vioo, bila kusimama popote zaidi ya dakika tano. Walikuwa wameshakula pia. Dada akamtazama mdogo wake akichungulia saa.

"Mdogo wangu, tumekuja kutembea au tumeingia zamu?"

"Tembea, Dada. Utanishukuru."

Saa sita na nusu kamili wakalifikia gurudumu. Hapakuwa na mtu hata mmoja. Moyo wa Upawa ulijaa, akamgeukia Dada ili aone anavyofurahi. Dada alikuwa anasoma kibao kilichoning'inia kwenye mnyororo wa mlangoni: TUMEKWENDA KULA. TUTARUDI SAA SABA NA NUSU.

Ewe Upawa! Miaka ishirini na saba umelisha wafanyakazi, ukapanga siku nzima juu ya njaa ya watu, na hukukumbuka kwamba wanaoendesha gurudumu nao ni wafanyakazi. Akabaki akikikodolea macho kile kibao.

Dada alicheka mpaka akajishika ubavu. Kisha akafuta machozi, akasema kwa upole, "Basi, twende zetu. Mimi si—"

"Usimalizie," alisema Upawa. Akamketisha kwenye ukingo wa saruji pale pale mlangoni, akavua koti lake na kumkunjia alikalie. "Nyonga inauma ukisimama. Umekaa, na sisi ndio wa kwanza. Tutangoja."

Wakangoja. Watu waliposhiba wakaanza kuja mmoja mmoja, wakajipanga nyuma yao, na ilipokaribia saa saba na nusu foleni ilishazunguka kibanda cha tiketi. Aliyewafuata moja kwa moja nyuma yao alikuwa mama mmoja mwenye mtoto anayelia kwa kuchoka. Dada akamtazama mtoto. Upawa akamwona Dada anainuka, anasogea pembeni, anafungua mdomo.

"Mama, pita wewe na mto—"

Upawa akamshika mkono.

"Samahani, mama," akamwambia yule mwanamke, "ninyi mtapanda baada yetu. Leo dada yangu ndiye wa kwanza." Kisha akamgeukia Dada. "Viatu vya shule nilivaa mimi, wewe ukaenda peku. Nilikula sehemu yako ya mkate nikidhani kweli umeshiba. Kila nikitaka kukushukuru unainuka kwenda kuosha vyombo. Leo hapa hakuna vyombo, Dada. Asante. Asante sana. Na utapanda."

Yule mama akampakata mtoto wake, akasema, "Apande mama yetu, sisi tupo tu."

Mhudumu akaja anafuta midomo, akatoa mnyororo. Wakaketi wawili, gurudumu likawainua taratibu juu ya miti, juu ya mapaa, mpaka mji wote ukawa chini yao na milima nyuma yake. Dada alitazama kwa muda mrefu.

"Tangu mama afariki," alisema, "hakuna mtu aliyewahi kukaa chini akanipangia siku."

Upawa alilia wazi wazi, na Dada akamwacha alie.

Gurudumu lilipowarudisha chini, Dada alibaki kitini kwanza, mhudumu akimsubiri ashuke.

"Mtu anaruhusiwa mara ya pili?"

"Anaruhusiwa, Dada," alisema Upawa, "ila ni kupanga foleni upya. Iangalie ilivyo, saa nzima hiyo."

Dada akaiangalia foleni yote, mwanzo hadi mwisho. Akainuka, akajinyoosha.

"Basi kanisimamie wewe," alisema. "Mimi nitakaa kivulini. Ukikaribia, nipungie mkono."

Upawa akaenda nyuma ya watu wote. Tangu azaliwe hakuwahi kuombwa kitu na Dada yake. Alisimama saa nzima na dakika nane, miguu ikamuuma sana, na kila dakika alishukuru.