Kishikio cha Kulia cha Athol

Huku Maniototo, kusini mwa New Zealand, pikipiki isiyo na vishikio vya kupasha mikono joto mwezi wa Julai, katikati ya majira ya baridi, ni ya kumwazima adui. Ndiyo maana kila ambaye vyake vimekufa humwendea shemeji yangu, Athol Geddes, aliyefunga seng'enge za mashamba ya kondoo miaka arobaini. Dukani watakwambia ununue jozi mpya. Athol huchukua mita ya umeme, hupima waya, kisha hukutukana.

"Nani alikaza waya huu?"

"Mimi."

"Ulidhani unafunga seng'enge? Kishikio hiki kinazunguka, bwana! Waya unataka nafasi!"

Ndilo kosa letu sote. Kwetu waya uliolegea ni aibu ya ukoo, basi tunaukaza hata pasipotakiwa, na kila ukizungusha kishikio kuongeza mafuta, waya unajikunja palepale hadi ukatike. Athol hukata palipokufa, huunga kipande cha waya laini wenye nyuzi nyingi, hukichomelea kwa risasi iliyoyeyushwa, hufunika kwa mpira, na huacha kitanzi cha upana wa vidole viwili. Malipo yake ni biskuti, na msimpelekee zilizovunjika.

Lakini cha kwake mwenyewe, cha kulia, kilikuwa baridi kwa miaka sita. Watu walimcheka, mganga hajigangi. Mimi sikucheka. Kilikufa wakati dada yangu Nola, mkewe, akiwa bado hai, na kila Agosti, tukienda kwenye mkutano wa pikipiki ng'ambo ya mlima, wao wawili walisimama pale juu penye kibanda cha wachungaji. Nola alimvua glavu, akautia mkono ule kwapani mwake ndani ya koti, wakakaa hivyo huku mimi nikiganda kando kama mjinga. Nola alifariki mwaka juzi. Mwaka jana Athol alisimama palepale peke yake, akijipulizia vidole, nami nilimkumbuka dada yangu.

Majira haya vidole vyake viwili vilibaki vyeupe kwa baridi siku tatu. Daktari akasema akiendesha tena hivyo, vitakatwa. Nikamfuata bandani kwake.

"Shemeji, kitengeneze hicho."

"Kiko sawa."

"Kiko sawa kwa nani? Nola angekuona angekuzaba kofi."

"Nola alipapenda pale kibandani."

"Alikupenda wewe, we mzee mbishi! Pale alikuwa anatetemeka tu. Njia nzima ya kurudi alinilalamikia mimi."

Kisha akavuta stuli, akafungua kishikio. Ndani, waya ulikuwa umekazwa kwa fundo la seng'enge, dogo na safi, fundo la Nola, nililitambua, na waya umekatika hapohapo. Safari hii Athol hakuuliza nani aliukaza. Alishika mkasi muda mrefu kabla ya kukata, kisha akamaliza kazi kwa dakika ishirini, akitumia waya alioutoa kwenye taa mbovu.

Agosti tukaenda mkutanoni. Yeye mbele, mimi nyuma. Theluji ilikuwa kandoni, barabara yenyewe kavu. Tulipokikaribia kibanda nikapunguza mwendo, nikijiandaa kusimama. Yeye hakupunguza. Nikasema moyoni, afadhali, amejikaza kiume.

Ng'ambo, mlangoni pa ukumbi, palinukia pai za nyama ya kondoo. Athol alivua glavu, akawa anawapitishia watu mkono wake.

"Shikeni! Si wa moto? Taa mbovu hiyo!"

Wakaushika, wakacheka, naye akacheka kuliko wote. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu mazishi. Halafu akaniona nimesimama karibu na pikipiki yangu, na kicheko kikakatika.

"Beryl, kibanda tumekipita?"

"Tumekipita, shemeji."

"Lini?"

"Zamani. Nilidhani umeamua kutosimama."

Alitikisa kichwa. Mkono bado alikuwa ameunyoosha, na watu walikuwa wamekwisha kuuacha.

"Sikuamua kitu," akasema. "Nilikuwa nawaza pai."