Aligonga Mara Mbili

Simu iliita wakati binti anaanika ovaroli ya baba yake. Alikuwa ameifua mapema kwa sababu jana yake, hospitalini, baba alikunywa uji nusu kikombe na kuulizia viatu. Mtu anayeulizia viatu, alijiambia, ana nia ya kurudi nyumbani. Muuguzi alianza na neno "pole", na binti akajua. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ovaroli mapajani inachuruzika maji, na mfukoni mwa ovaroli vidole vyake vikakuta tepu nyeupe ya kufungia mabomba, imelowa chapachapa.

"Mungu wangu," alisema.

Ovaroli haikuwa imekauka baba yake mdogo alipofika. Alimpa pole mjane, mama yake binti, ambaye bado alikuwa na kikohozi cha ugonjwa uleule uliomlaza mumewe, ingawa yeye aliinuka kitandani siku ya nne. Kisha akamgeukia binti.

"Nani alitia saini ile dawa?"

"Mimi, baba mdogo."

"Dawa ya kushusha kinga! Mtu yuko vitani, wewe unamvua silaha? Kaka yangu hajawahi kulazwa hata siku moja!"

"Shemeji, taratibu," mama alisema. "Mtoto naye kafiwa."

"Mimi nauliza tu."

Haikuwa kuuliza. Na swali hilohilo binti alikuwa akijiuliza tangu simu ilipokatika. Je, mkono wake ndio uliomuua baba?

Marehemu alikuwa fundi bomba kwa miaka thelathini na minne, na mtaa mzima ulimwita Mzee Koki. Jina alijitafutia mwenyewe. Akiitwa kwenye nyumba inayofurika, watu wanaruka na ndoo na matambara, yeye husimama mlangoni na kuuliza, "Koki kuu iko wapi?" Hagusi kitu mpaka aonyeshwe koki ya kufunga maji ya nyumba nzima. "Ndoo ni huruma," alikuwa akisema, "koki ndiyo dawa."

Jirani mmoja mcheshi alimchokoza siku moja. "Mzee Koki, hata ukialikwa harusini utauliza koki kuu?"

"Nitauliza, mama. Ndoa ikianza kuvuja, nani atafunga?"

Lakini kazini hakuwa na mzaha. Kabla ya kuzungusha spana aliinamisha kichwa na kusema, "Mungu, leo tena," basi, sala imekwisha. Kesho yake alirudi bila kuitwa, akapitisha kiganja chini ya kiungo alichokaza, akakitazama. Kikiwa kikavu, anaaga. Kikiwa na tone moja, anafungua upya, na hataki kusikia habari ya soda wala chai. Wazee wanaoishi peke yao aliwafundisha kufunga koki kwa vidole viwili, bila hasira, kwa sababu anayekaza kwa hasira huua mpira wa ndani. Maji hakuyalaumu hata siku moja. Alisema maji hayana ubaya, yamekosa tu mtu wa kuyaambia yatosha.

Ndiyo maana siku ile wodini, daktari alipowaeleza, binti aliona macho ya baba yake yakichangamka juu ya barakoa ya oksijeni.

"Virusi vyenyewe vimepungua," daktari alisema. Alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini, na alizungumza akimtazama mgonjwa. "Kinachokuumiza sasa ni kinga yako, mzee. Ilipewa ishara ya kupigana, na ishara ya kuacha haijasikika. Inaendelea kuita askari, na askari wanaumiza mpaka wenye nyumba. Mishipa midogo ya damu inavuja, na maji yanaingia kwenye mapafu."

"Maji ya wapi?" binti aliuliza.

"Ya mwili wake mwenyewe. Ipo dawa ya kuituliza kinga. Haiizimi kabisa, ila ikishuka, vijidudu vingine vinaweza kupata mwanya. Na mapafu yameshaumia, siwezi kukuahidi kitu. Bila dawa, nafasi yake ya kupona ni ndogo zaidi."

Mzee Koki hakuweza kusema. Alinyoosha mkono, akagonga chuma cha kitanda kwa kifundo cha kidole, mara mbili.

"Unataka maji, baba?"

Akatikisa kichwa. Akagonga tena, ngo, ngo, akimkazia macho daktari. Binti hakuelewa. Alitia saini kwa akili yake mwenyewe. Siku mbili pumzi ilitulia, ndipo ukaja ule uji na habari ya viatu. Siku ya tatu mapafu yakashindwa.

"Mwambie baba yako mdogo yote," mama alisema sasa pale nyumbani. "Kama ulivyoniambia mimi."

Binti akaeleza, kuanzia maneno ya daktari mpaka kidole kwenye chuma. Baba mdogo alikuwa akitazama sakafu. Ghafla akainua kichwa.

"Aligonga mara ngapi?"

"Mbili. Nilidhani anataka maji."

"Mbili, halafu?"

"Akarudia. Mbili tena."

Yule mtu mzima akakaa chini kwenye mkeka, akajifunika uso kwa kofia yake. Kisha akasimulia. Ujanani alikuwa msaidizi wa kaka yake. Yeye juu ya paa penye tangi, kaka chini ukutani, na hakukuwa na simu za mfukoni. Walizungumza kwa kugonga bomba. Moja, fungua. Mbili, funga.

"Alimwambia daktari afunge," alisema. "Mwanangu, nisamehe. Uliifanya kazi yangu ya kumfungia koki, na hukufundishwa."

Mama akatoa machozi na kicheko kwa pamoja. "Hata hospitalini, jamani! Koki!"

Walimzika kesho yake saa nne asubuhi. Watu walikuwa wengi kuliko viti, na kila aliyesimama kusema aliitaja nyumba yake na bomba lake. Mchungaji aliomba kwa kifupi, kama marehemu alivyopenda. Binti alitupa udongo, kisha baba mdogo, kisha mama akishikwa mikono na wote wawili. Kaburi lilipojaa walienda kunawa kwenye bomba la langoni. Wa mwisho aliliacha linadondoka. Baba mdogo akarudi, akalifunga kwa vidole viwili, akapitisha kiganja chini yake. Kilikuwa kikavu. Wakaenda nyumbani.