Kistari Kwenye Fomu ya Mto

Idara inayohusika na maji ilitangaza, kwa barua yenye muhuri, kwa redio, na kwa karatasi iliyobandikwa kwenye kila ofisi yenye mlango, kwamba kwa mujibu wa utafiti wa kitaalamu wa miaka kumi na tisa, mto haujawahi kupita kimo cha mita nne. Kwa hiyo viwanja vilivyo kwenye kona ya mto, ambavyo viko juu ya kimo hicho, ni salama kwa makazi ya kudumu. Wananchi waliombwa wapuuze uvumi.

Utafiti huo uliongozwa na mwanamke mmoja mwembamba, mwenye buti za mpira ndani ya gari muda wote, aliyeitwa Daktari kazini na Daktari wa Matope mtaani. Kazi yake ilikuwa mafuriko na ukame. Mto ukijaa, anaupima. Ukikauka, anapima pale ulipokuwa. Kwa mama yake udaktari huo ulikuwa na kasoro moja tu.

"Mwanangu kasoma, kasoma, kasoma," bibi huyo aliwaambia wageni, "mpaka akafika mtoni. Lakini jino likiniuma naenda kwa mtoto wa mwenzangu."

Aliyefaidi elimu ile ni mdogo wake wa kike. Tangazo lilipotoka tu, alijenga kwenye kona ya mto vyumba vitatu na baraza, akahamia na mume na watoto wawili. Mlangoni alibandika nakala ya tangazo lenye saini ya dada yake, ndani ya mfuko wa plastiki, isije ikalowa.

Mambo yaliharibika kwa sababu ya usafi. Wiki chache kabla ya mvua, Daktari aliamua kupanga upya makabati ya fomu za zamani. Fomu hizo zilijazwa na kinyozi mwenye kibanda karibu na daraja. Kila asubuhi, kabla ya kichwa cha kwanza, alishuka ukingoni, akasoma ubao wa vipimo uliosimikwa majini, akaandika namba. Wakati wa kiangazi maji yalishuka chini ya sifuri ya ubao, na kwa kuwa fomu haikuwa na nafasi ya kitu kilicho pungufu ya sifuri, aliweka kistari. Hilo Daktari alilijua. Mwaka wake wa kwanza kazini, yeye ndiye aliyeandika maelekezo yaliyobandikwa ukutani juu ya kompyuta ya ofisi: *Kistari maana yake mto umekauka.*

Sasa alishika fomu ya katikati ya mvua, ya mwaka ambao yeye alikuwa masomoni ng'ambo. Tatu nukta moja. Tatu nukta sita. Tatu nukta tisa. Kistari. Kistari. Kistari. Tatu nukta tisa tena.

Yaani mto ulipanda siku tatu, ukakauka siku tatu, kisha ukarudi umejaa vilevile. Daktari alitafuta kiti, akakikosa, akakaa juu ya fomu za miaka mingine. Alikumbuka kwamba aliporudi nyumbani watu walimwambia, "Mwaka huu tumenyeshewa, we acha tu." Alifungua kompyuta, akaona hakuna namba iliyopita nne, akaamini takwimu. Ndizo alizokuwa amekwenda kuzisomea.

Kinyozi alikuwa na mteja mwenye povu shavuni.

"Ubao una urefu gani?" Daktari aliuliza, ingawa aliununua yeye.

"Mita nne. Leo umekuja kunipa mtihani?"

"Maji yakipita juu yake unaandika nini?"

"Nitaandika nini na ubao siuoni? Naweka kistari." Alifuta wembe begani. "Si wewe mwenyewe ulitufundisha, usiandike namba ambayo hukuiona kwa macho yako? Mimi kinyozi, mama, si mpiga ramli."

"Na hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Mto mzima umeingia mjini, umepita hapa na kuku wa watu, halafu mimi nije kuwapa habari nyinyi wenye mito?"

Mteja alicheka, akakatwa kidogo. Kinyozi alisogeza kioo ukutani. Nyuma yake ulikuwapo mstari wa tope kavu, juu kidogo ya kichwa cha mtu mrefu.

"Hizo siku tatu fomu niliijazia darini," alisema. "Ndiyo maana mwandiko umepinda. Na huko kwenye kona, wakati ule yalikuwa mashamba tu. Mahindi hayakuandika barua."

Daktari alipima ule mstari mara tatu, kwa utepe wake mwenyewe, akitumaini utepe umekosea. Haukukosea. Kwenye kona ya mto, maji ya namna ile yangefika kwenye madirisha.

Mkurugenzi alimsikiliza vizuri sana, kama mtu anayesikiliza mvua akiwa ndani.

"Kistari ni kistari tu, Daktari. Tutaliangalia kwenye toleo lijalo."

"Toleo lijalo ni baada ya miaka mitano. Mvua ni mwezi ujao."

"Na saini ni ya nani?"

"Yangu."

"Basi," alisema Mkurugenzi kwa upole, "usijidhalilishe."

Daktari alikwenda kwa mdogo wake, akamkuta anamwagilia maua barazani.

"Hameni kabla ya mvua," alisema. "Nilikosea."

"Unaniambia kama dada au kama Daktari?"

"Kama dada."

"Kama dada ulinikataza kupanda baiskeli, ukanikataza kukata nywele, na huyu mume wangu ulisema hatafika mwaka. Yuko ndani, anakula." Aligonga ile karatasi ya mlangoni kwa kidole. "Hapa pana muhuri. Nyumba hii tumeijenga kwa maneno yako ya kuandika. Ukitaka tutoke, tutoe kwa maneno ya kuandika. Usinitoe kwa mdomo."

Mdogo wake alikuwa amesema jambo ambalo Daktari mwenyewe huwafundisha wanafunzi.

Aliandika barua ya kurasa mbili. Alieleza kistari, akaeleza ubao, akaandika: *Kosa ni langu.* Nakala moja aliipeleka kwa Mkurugenzi. Nyingine alizigawa mwenyewe kwenye nyumba ishirini na mbili za kona ya mto, huku buti zikimvua soksi. Nyumba ya tano walimuuliza kama anagombea. Nyumba ya kumi na moja walimwambia warudishiwe kwanza miaka yao ya kujenga. Mdogo wake aliisoma barua yote, akarudia ukurasa wa pili. Kisha akamwita mumewe waanze kufungua vitanda.

Zilihama nyumba tisa. Kesho yake Idara ilimpa Daktari likizo ambayo hakuiomba.

Mvua ilipofika, alikuwa kwa mama yake, amejibana sebuleni na familia ya mdogo wake, magodoro na kabati lisilopita mlangoni. Kila mara alitoka barazani kutazama mawingu, akarudi, akahesabu kwa vidole nyumba kumi na tatu zilizobaki. Asubuhi ya siku ya nne redio ilisoma upya lile tangazo, neno kwa neno, mpaka pale wananchi wanapoombwa wapuuze uvumi. Hakuna aliyeizima. Mdogo wake aliendelea kukunja shuka.

"Kaa, dada," alisema bila kumtazama. "Umeshawaandikia."

Daktari alivaa buti, akatoka kuelekea kona ya mto.

Kinyozi aliijaza fomu ya siku hiyo darini. Safari hii, kama alivyoelekezwa na Daktari, hakuweka kistari. Aliandika kwa herufi kubwa, JUU YA UBAO. Fomu ilipofika ofisini, karani aligundua kwamba kompyuta haipokei maneno kwenye safu ya namba, akaangalia maelekezo yaliyobandikwa ukutani, akaweka kistari.

Katika kumbukumbu za Idara, siku hiyo mto ulikuwa mkavu.