Upinde wa Majina Matatu

Mwaka ule wa sitini na moja watu wengi wa Kisauni walitafuta kazi, lakini hakuna aliyeitafuta kwa uvivu kama Kioko wa Wambua. Uvivu wenyewe haukuwa wa mwili. Alikuwa amebeba magunia Kilindini miaka ishirini na miwili, mpaka mgongo ukamgomea akaambiwa akapumzike. Uvivu wake ulikuwa wa moyo. Mkewe, Jerioth, alishikwa na homa mwezi wa tano, mvua za masika zikinyesha. Aliugua siku tatu, na siku ya nne wakamzika kwenye makaburi ya kanisa, Frere Town. Tangu hapo Kioko hakulia, hakukasirika, hakutamani kitu. Alikula njaa ikimshika na kulala giza likiingia, basi.

Na watu wa pwani mnawajua. Husalimiana mpaka salamu ziishe, zikiisha huanza upya. U hali gani? Umeamkaje? Mama hajambo? Waliojua msiba walikwisha kuja matangani. Wasiojua waliuliza, na Kioko akajibu, "Hajambo." Hakukusudia kudanganya mtu. Mdomo ulikuwa umezoea, naye hakuwa na nguvu ya kuukataza. Kila asubuhi alipita kwa Mwanasaumu, muuza mahamri wa njia panda, akanyoosha mikono miwili kama alivyofanya miaka yote, akatiliwa mahamri mawili kwenye kipande cha gazeti. Moja alilila njiani. La pili alilifikisha chumbani, akaliweka kwenye kibao juu ya jiko, na kesho yake akalitupa na sisimizi wake.

Mwenye nyumba alimpa mpaka mwisho wa Septemba awe amelipa kodi. Asipopata kazi ingembidi apande garimoshi arudi Ukambani, kwa jamaa asiowajua hata kwa sura, na Jerioth abaki Frere Town peke yake. Hilo ndilo jambo moja ambalo Kioko hakulitaka duniani. Hata kutolitaka kwenyewe alikusikia kwa mbali, kama mtu anayesikia jirani yake akiitwa.

Ndipo akaelekezwa kwa Sheikhan, mwenye ghala la mbata, zile nazi kavu, aliyekuwa akiibiwa magunia na alitaka mlinzi.

"Wewe Mkamba," Sheikhan alisema akimtazama juu mpaka chini. "Uta bila shaka wajua."

"Najua," akajibu Kioko, kwa mdomo ule ule wa hajambo. Wallahi hakuwa amepata kushika upinde. Babake alikuwa mtu wa reli, yeye mwenyewe alizaliwa Changamwe katika nyumba za reli, na silaha pekee aliyoizoea ni ile ndoana ya kuvutia magunia.

"Basi Jumatatu njoo na uta wako ulilenge debe kwa mshale hapa uani, hatua ishirini. Nataka wezi wapate habari. Na mkeo, hajambo?"

"Hajambo."

Akaenda akafanya kosa la mtu aliyezaliwa mbali na kwao: alidhani kila Mkamba mwenye upinde anaujua upinde. Alivuka kisiwa kizima mpaka Changamwe, kwa wachongaji wa vinyago, watu wa kabila lake. Hapo pinde zilipangwa kwenye mkeka pamoja na twiga na vifaru, zinang'aa, zimefungwa ngozi ya mbuzi katikati, bei ya chini. Alichagua uliong'aa kuliko zote, akalipa, akauvuta palepale mlangoni. Ukavunjika vipande viwili.

Mchongaji, kijana aitwaye Nzioka, alicheka mpaka akaweka tezo chini. "Mzee, huo ni wa mzungu kutundika ukutani! Unang'aa kwa dawa ya viatu!" Lakini alikuwa kijana mwema. Alimrudishia pesa zake zote, akamwambia, "Ukitaka wa kupiga nao, nenda Mjambere, muulize Mwarandu mgema. Hata wenzangu humu hununua kwake."

Mtu mwingine angeona haya. Kioko alishukuru akaenda zake.

Mwarandu alikuwa Mgiriama wa miaka arobaini hivi, mwenye domo refu na haraka nyingi. Asubuhi na jioni alipanda minazi kugema, na katikati alichonga pinde. Alikuwa nazo kumi na kitu juu ya kichanja cha jikoni, nyeusi kwa moshi, wala hazina urembo hata kidogo.

"Umewahi kupiga?" aliuliza.

"La."

"Afadhali umesema. Wengi hujifanya mafundi, wakachukua mzito ili watu wawaogope, na baada ya wiki upinde unatundikiwa kanga." Aliteremsha mmoja, akamwonyesha. "Wa mwanzo usitafute uzuri. Tazama nyuzi za mti, ziende moja kwa moja toka ncha mpaka ncha, hakuna kifundo. Ugwe wake, kamba ya kuvutia, uwe wa kano za ng'ombe. Bei yangu ni moja, kwa hiyo usinunue kwa bei, nunua kwa mkono wako. Sasa vuta mpaka shavuni, ushikilie, unitajie majina matatu bila haraka. Lako, la babako, na la anayekungoja nyumbani. Marehemu baba ndivyo alivyowapima wanunuzi. Mkono ukitetemeka kabla hujamaliza, upinde huo si wako."

Kioko akavuta. "Kioko," alisema. "Wambua." Kisha akasema, "Jerioth," na mkono ukatetemeka.

"Mzito," alisema Mwarandu, akampa mwingine.

Huo wa pili ulivutika vizuri. Kioko alikuwa na mabega ya kuli, na mgongo wake mbovu haukulalamika. Kioko. Wambua. Jerioth. Mkono ukatetemeka.

Wa tatu ukawa vivyo hivyo. Mwarandu alianza kukuna kichwa, akitupia jicho minazi yake iliyokuwa ikimngoja. Mwisho akaenda nyuma ya nyumba akarudi na kijipinde kifupi ambacho mkewe alikitumia kufukuzia tumbili kwenye mahindi. Kioko alikivuta kwa vidole viwili. Alilitaja lake, akalitaja la babake, akalitaja la mkewe, na mkono ukatetemeka tangu begani hadi kwenye kucha.

Mwarandu akaacha maneno yake yote. "Mama huko nyumbani hajambo?" aliuliza taratibu.

"Hajambo," akajibu Kioko, na kijipinde bado kinamtetemeka mkononi.

Mgema aliutazama ule mkono kitambo. Akakichukua kijipinde, akamrudishia upinde wa pili pamoja na mishale mitatu. "Huu ndio wako. Mkono unauweza. Jina la tatu utalifanyia mazoezi mwenyewe, mimi siwezi kulichonga."

Siku nne Kioko alijifunza nyuma ya chumba chake, akilenga gunia la makumbi ya nazi. Alipopiga kimya, mishale miwili katika mitatu iliingia. Alipotaja majina, haukuingia hata mmoja. Angeweza kuyaacha, na hakuna ambaye angejua. Lakini alikuwa ameuziwa upinde kwa masharti hayo, naye hakuwa mtu wa kuvunja sharti.

Jumatatu asubuhi alipita kwa Mwanasaumu, akapewa mahamri yake mawili, akala moja, la pili akalitia mfukoni. Uani kwa Sheikhan debe lilikwisha kuwekwa juu ya jiwe. Wapagazi wawili walikaa juu ya magunia kutazama.

"Uta mbona mwembamba hivi?" alisema Sheikhan.

Kioko alipachika mshale wa kwanza. Alivuta, akataja majina kwa sauti ya chini, na mshale ukapita mbali na debe ukajikita kwenye mlango wa ghala. Wapagazi wakaguna.

"Mmoja tena," alisema Sheikhan, "kisha kila mtu aende na hamsini zake."

Kioko aliupachika mshale wa pili. Aliwaza garimoshi, akawaza lile kaburi ambalo hakuna mwingine ambaye angelipalilia. Akavuta.

"Kioko," akasema. "Wambua." Jina la tatu halikutoka peke yake. "Jerioth amekufa."

Mkono ukatulia. Debe likalia, likaanguka na mshale ndani yake.

Wapagazi walipiga makofi, lakini Sheikhan hakuwa akitazama debe. "Nani amekufa?"

"Mke wangu."

"Lini?"

"Mwezi wa tano."

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Na juzi nilikuuliza!"

"Uliniuliza, bwana. Nisamehe."

Sheikhan alisimama akizungusha tasbihi yake. Mwisho akamwambia aanze kazi siku ile ile, na akamtuma mtu amletee chai.

Kabla ya kuanza, Kioko alirudi njia panda. Mwanasaumu alikuwa akifunika karai lake. Kioko akatoa lile hamri mfukoni, bado limefungwa gazetini, akaliweka mezani.

"Nimerudisha hili," alisema. "Kuanzia kesho nipe moja tu. Jerioth amekufa, bi Mwanasaumu. Nilikuwa nalipa ya mawili bure."

"Hukuwa ukilipa ya mawili," akasema Mwanasaumu. "Tangu nilipopata habari sijakutoza la pili. Hukutazama hata chenji."

Kioko alimkazia macho. "Ulijua? Basi mbona ulinipa?"

"Babangu, kila siku wanijia umenyoosha mikono miwili," alisema Mwanasaumu. "Ningefanyaje?"

Kioko aliitazama mikono yake, huu wenye upinde na huu mtupu. Akakaa kwenye kibago cha wateja, upinde magotini, na hapo, saa nne za asubuhi, watu wakipita na baiskeli zao, akalia.