Filime Iliyofuliwa

Mkwe wangu aliifua filime. Niseme hivyo hivyo, maana nikizunguka nitalia. Mvua ilijaza mtaa wetu wa Buterere, maji yakapanda mpaka kitandani, na yalipotoka tukafanya kama kila mutu: kuosha sufuria, mikeka, viti. Mkwe, mke wa mwanangu, akakuta kopo langu la bati, lenye filime, limejaa tope. Akaikunjua filime, akaipaka sabuni, akaisugua kwa kitambaa, akaianika kwenye kamba na nguo za watoto. Mimi nilikuwa nimekwenda kuchota maji. Niliporudi ananiita kwa furaha:

"Mama, ona! Imetakata!"

Imetakata kweli. Unaona mpaka ng'ambo, kama chupa tupu.

Ilikuwa teatre yetu, mchezo wa vijana wa kartiye, wa mtaa mmoja, ya baba mchoyo anayegombania mahari. Mume wangu alicheza baba, mimi mke wake mwenye mdomo, na nilicheza vizuri, asikudanganye mtu. Fundi redio mmoja alikuwa na kamera isiyoshika sauti. Tukaicheza upya uani, juani, yeye anapiga. Siku ya kuionyesha tulisimama nyuma ya shuka ilipoangukia picha, tukaisemea kwa vinywa vyetu.

Kisha vita. Mume wangu alitoka asubuhi kwenda Kamenge kazini, hakurudi. Kaburi hakuna. Nyumba iliungua na picha zote. Ilibaki filime kwa yule fundi, akanipa alipokuwa anahama. Mashine ya kuionyesha haikuwepo tena, basi nilikuwa nainyoosha dirishani, namwona, mdogo kama punje ya mpunga, kainua mkono. Miaka yote niliitazama punje hiyo, sikujiwekea uso mwingine kichwani.

Mwaka huu tulisikia kuna kijana huko Cibitoke anahamishia filime za zamani kwenye telefone. Tulisema mvua ikikata tutakwenda.

Nilimpelekea ilivyo. Akaivuta mbele ya taa, pole pole, mpaka mwisho.

"Mama, picha ilikuwa ngozi tu juu ya plastiki. Imeloa, imetoka na sabuni."

"Angalia tena! We si una mashine?"

"Apana, mama. Hakuna kitu."

"Hata mkono?"

Akazima taa. "Hata mukono."

Mkwe wangu hali vizuri tangu siku hiyo. Namwambia, "Kula, si we uliyeleta mafuriko." Mdomo unasema hivyo. Moyo unataka kumrushia sahani.

Jana tunakula, mjukuu wangu, yule anayeongoza darasa lake, akaniuliza: "Bibi, babu alikuwa anafanana vipi?"

Nikafumba macho. Giza. Nikafumbua, nikamtazama mwanangu aliyekaa mbele yangu, nikaanza: "Masikio makubwa. Nyusi zimeshikana. Kidevu kimegawanyika hapa katikati."

Mtoto akafurahi. Lakini mwanangu akaacha kutafuna. Alishajua naangalia wapi.

"Na pua, mama?" akaniuliza taratibu.

Pua, mwanangu amechukua yangu.