Mtungi Una Gesi

Juzi nilikuwa dirishani kwenye zahanati moja ya Mishomoroni, nikingoja faili la babangu, mtambo ukazimika. Kumbukumbu zote za wagonjwa zimo humo, katika wingu, yaani hifadhi ya mtandaoni, la programu huria wanaloliendesha wenyewe. Fundi wao, binti wa papo hapo Kisauni, akafungua kompyuta yake. Bi mkubwa wa masijala akamwinamia.

"Mwanangu, vitu vyetu vimekwenda?"

"La, bibi. Iliyokufa ni seva. Diski haikai ndani yake, iko kando, kama mtungi wa gesi na jiko. Jiko likiharibika, naufungua mtungi, naufunga kwenye jiko jingine."

Binti akaunda seva mpya, akaiunganisha na ile diski. Mwenzake, aliyekuwa akimsaidia kwa simu iliyowekwa spika, akasema, "Sasa ifomati, ndipo tuitumie."

Binti hajajibu, bibi kashainua kidole. "Ngoja, baba. Kufomati si ndiko kufuta? Mtungi huo una gesi. Wataka kuimwaga?"

Simu ikajibu, "Kweli, mama. Nilidhani diski ni mpya."

Binti akatabasamu, akaifungua diski vile ilivyo. Haukupita muda, jina la babangu likaitwa.

Kila siku twaambiwa mambo haya hayasemeki kwa Kiswahili. Wallahi, mimi niliyasikia yakisemwa, nikayaona yakieleweka, na kuelewa huko ndiko kulikookoa faili la babangu. Anayebisha aje apange foleni Mishomoroni.